Vijana wa Endebess na Sisi Watu wa Reli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na wanachama wanne waliotumwa kutazama kazi za vikundi vya vijana)



Katika mkutano uliopita mlituchagua sisi wanne wa genge la njia, kwa sababu kwetu ni Endebess, mkatuambia twende tukatazame vikundi vya vijana vinavyopigana na Ukimwi huko, kisha turudi tuseme kama yafaa chama chetu kitie mkono. Tumekwenda mara tatu katika siku zetu za mapumziko, na nauli tumejilipia wenyewe. Aliyeandika maneno haya ni mmoja, lakini tuliyasoma pamoja na kuyasahihisha pamoja, kwa hiyo mkisikia "sisi" mjue ni sisi wote wanne. Madaktari sisi sio. Shule yetu ilikuwa shule ya msingi ya misheni, na baada yake mwalimu wetu amekuwa nyundo na taruma. Mkisikia kosa, tusahihisheni bila haya.

Kwanza turudie neno moja. Siku ile ndugu mmoja alisimama akauliza, "Chama cha wafanyakazi ni cha mshahara na saa za kazi. Mambo ya vijana na Ukimwi si kazi ya hospitali?" Wengi walipiga makofi, na mmoja wetu sisi wanne alipiga pia. Swali lile ni la haki, nasi tulilichukua safari nzima kama mtu aliyebeba mzigo asiojua atautua wapi. Tuliutua mahali ambapo hatukutazamia, nanyi mtasikia.

Njia yetu mnaijua. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Tawi la Kitale likafunguliwa mwaka 1926. Na njia kubwa, ile inayopita Webuye, Bungoma na Malaba, ikafika Kampala mwaka 1931. Mahindi ya Trans Nzoia yalisafiri juu yake, na chumvi, sukari na nguo zikarudi. Lakini kila penye stesheni, na baadaye kila penye kituo cha malori, palizuka na mambo mengine: chumba cha kulala kwa usiku mmoja, chupa, na mwanamume aliye mbali na mkewe akiwa na mshahara mfukoni. Ugonjwa huu ulipotambuliwa katika Kenya mwaka 1984, ulizifuata njia hizo hizo. Hatusemi kwamba mtu wa reli ni mwovu kuliko mwalimu au polisi. Twasema tu kwamba mtu anayelala nje siku ishirini kwa mwezi hukutwa na mambo ambayo mtu anayelala kwake kila usiku hakutwi nayo, na sote tuliomo humu ndani twajua hivyo, hata wale wanaotazama sakafu sasa hivi.

Novemba 1999, Rais Moi alipotangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa, sisi tulikuwa watoto wa shule. Tunakumbuka mazishi ya kila Jumamosi. Wazee walisema marehemu alikuwa na homa, au kifua, au amerogwa na ndugu yake kwa ajili ya shamba. Padri alijua, daktari alijua, mjane alijua kuliko wote. Hakuna aliyetamka.

Sasa Endebess. Kwa wale wasiopajua, ni mji mdogo chini ya Mlima Elgon, ukitoka Kitale kwenda mpakani Suam. Mahindi yanastawi, ng'ombe wa maziwa wapo, na juu mlimani viazi na kabeji. Wamo Wasabaot, Wabukusu, Waturkana, Wakikuyu na wengineo. Wamo pia watu waliofukuzwa na vita vya Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008, na wengine waliokimbia fujo za uchaguzi wa mwisho wa 2007. Baadhi yao hawakurudi tena walikotoka. Mtoto wa mtu asiye na shamba hukua akiuza mikono yake: kupanda, kupalilia, kuvuna, kupukuchua, yote kwa kibarua. Na jambo jipya ni barabara. Njia ya Kitale kupita Endebess hadi Suam imetiwa lami, malori yanapita, na penye malori pana madereva wanaotaka chakula na mahali pa kulala. Sisi tulioona Malaba hatuhitaji kuelezwa. Biashara itakuja, nayo ni jambo jema, twaifurahia. Lakini tusingoje hata Suam iwe Malaba nyingine ndipo tuanze kuitisha mikutano.

Kikundi tulichokitazama sana hukutana Jumamosi mchana kando ya uwanja wa mpira. Vipo vingine, ila hiki ndicho tulichokiona kwa macho kikifanya kazi hata siku ya mvua. Wamo vijana thelathini na kitu: waendesha bodaboda, wasichana waliokatisha shule, vibarua wa mashamba, na wachache waliomaliza sekondari. Tulidhani tutakuta mahubiri na ngoma. Tulikuta kitalu cha miche, banda la kuku, na sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinazokaa na watu watatu ili asipatikane mmoja wa kulifungua peke yake. (Bwana Mweka Hazina asikasirike, lakini sanduku lile limetunzwa vizuri kuliko mengi tuliyoyaona.) Kila wiki mtu huweka alicho nacho, hata shilingi 20. Anayetaka kukopa husimama mbele ya wote akaeleza: mbegu, gurudumu la pikipiki, karo ya mdogo wake. Ndipo baada ya hesabu huzungumza habari za ugonjwa.

Tuliwauliza, kwa nini hesabu kwanza? Msichana mmoja alijibu, na jibu lake tuliliandika papo hapo: "Walikuja watu wakatufundisha kukataa. Lakini mtu hukataa akiwa ameshiba."

Akaeleza. Kuna mradi mmoja ulifika miaka iliyopita, hatuutaji jina. Waliwapa fulana na soda, wakawafundisha siku tatu katika ukumbi, wakapiga picha, wakaenda zao. Mafunzo hayakuwa mabaya. Ila msichana aliyefundishwa Ijumaa, Jumatatu alikuwa hana sabuni, hana pedi, hana nauli, na mwanamume mwenye vitu hivyo vyote alikuwa amekaa mlangoni pa duka. Fulana bado anayo. Ana mtoto pia. Hakusema hayo kwa kulia. Aliyasema kama mtu anayesoma hesabu.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini vikundi vya namna hii vinachanganya shamba na afya. Wala si wazo la jana. Huko Bungoma mwaka 2003 kilianzishwa chama kiitwacho Ace Africa, ambacho tangu mwanzo kilifundisha habari za virusi pamoja na bustani za mboga, ushauri kwa wagonjwa, na vilabu vya watoto shuleni. Baadaye kikavuka mpaka hadi Tanzania. Ng'ambo ya pili ya mlima wetu, Uganda, walitangulia zaidi. Mwaka 1987 Mama Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amekufa kwa Ukimwi mwaka huo huo, pamoja na wenzake, wengi wao wagonjwa, walianzisha TASO mjini Kampala. Hawakuwa na dawa wakati ule, maana dawa zenyewe hazikuwapo. Walikuwa na chai, na chumba cha kukaa pamoja bila kufichana. Leo TASO ina vituo Mbale na Tororo, na Tororo ni stesheni yetu wenyewe, tukiruhusiwa kusema hivyo.

Kuhusu mafundisho yenyewe, vijana wale walitutia aibu kwa ujuzi wao. Tulijiona wakubwa, tukakuta tunafundishwa. Walitueleza kwamba mtu aliye na virusi anayemeza dawa zake kila siku, hata kipimo cha damu kisivione tena, hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Walitueleza kwamba ipo dawa ya kumeza kabla, kwa mtu mzima wa afya aliye katika hatari, na kwamba ilianza kutolewa katika nchi yetu mwaka 2017. Na ipo nyingine ya kumeza baada ya ajali, kama vile mtu aliyenajisiwa au mpira uliopasuka, ambayo lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora. Ni wangapi humu ndani waliokuwa wakijua hiyo ya saa 72? Sisi wanne hatukuijua hata mmoja.

Habari ya mpira ilileta mabishano. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amekaa nasi alisema kuwapa vijana mipira ni kuwafungulia mlango wa uhuni. Sisi tumelelewa na misheni, wala hatumcheki mzee yule. Kungoja ndoa ni jambo jema, na wapo vijana katika kikundi kile wanaongoja na hawaoni haya kusema. Lakini katika kazi yetu hatuondoi bendera nyekundu kwa kuwa dereva ni mtu mwangalifu. Tunaiweka pale pale, na dereva tunamwombea pia. Mzee alikubali kidogo. Hakukubali sana.

Jambo jingine walilolishika ni jando, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi akina baba. Wabukusu wanatahiri Agosti ya miaka isiyo witiri, na Wasabaot wengi Desemba. Zamani kisu kimoja kilizunguka boma zima. Sasa karibu kila mzazi anajua kwamba kila mtoto awe na wembe au kisu chake, na wengi huwapeleka hospitalini. Hilo limefanikiwa, twashukuru. Lakini vijana walisema hatari haiko kwenye kisu tu. Iko kwenye usiku wa kucheza kabla ya siku yenyewe, na kwenye neno analoambiwa mvulana wa miaka kumi na minne baada ya kupona, kwamba sasa amekuwa mwanamume na akaoneshe. Wengine wamesikia pia kwamba aliyetahiriwa hapati ugonjwa. Ni uongo. Majaribio yaliyofanywa Kisumu, Uganda na Afrika Kusini, yakamalizika mwaka 2006 au kabla yake, yalionesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa karibu asilimia 60. Ukipunguziwa mzigo, bado umebeba mzigo. Kikundi kile huenda kwa wazee wanaowalea wavulana wakati wa jando, huomba nusu saa tu, na huzungumza kwa lugha ya nyumbani. Wazee wengine huwafukuza. Wengine wameanza kuwaita.

Sasa tuje mahali tulipoutua mzigo.

Siku ya pili tulimkuta kijana wa miaka kumi na tisa akimwagilia miche. Mpole, mikono ya kazi. Alikuwa amezaliwa na virusi. Tangu utoto alimeza vidonge asubuhi na jioni, na bibi yake akimwambia ni dawa ya kifua. Alipokuwa na miaka kumi na sita alisoma jina la dawa kwenye ukuta wa kliniki, akaelewa. Hakusema na mtu. Alivitupa vidonge chooni, mwezi baada ya mwezi, akimwonesha bibi kopo tupu. Wenzake wa mpira ndio walioona anakonda na kukohoa. Wawili wakaenda kwake. Hakufungua mlango. Wakarudi kesho yake, wakarudi tena. Siku ya nne mmoja wao, tena mwendesha bodaboda, akaketi nje ya mlango akatoa kopo lake mwenyewe mfukoni, akalitikisa mpaka yule wa ndani akasikia sauti ya vidonge. Kisha akampakia hadi Kitale. Kwa nini Kitale, na hospitali ipo Endebess? Kwa sababu Endebess jirani yake angemwona kwenye foleni. Kikundi kililipa mafuta ya pikipiki kwa fedha za miche, na kimeendelea kulipa kila alipotakiwa kurudi. Sasa amenenepa. Anasomea ufundi wa umeme siku mbili kwa wiki.

Tukamwuliza habari za wazazi. Mama alikufa akiwa mchanga. "Na baba?" Akatutazama fulana zetu za kazi, akasema, "Baba alikuwa mtu wa reli kama ninyi."

Ndugu wanachama, tulipowauliza wazee wa tawi hili walimkumbuka. Alikuwa genge la njia. Alilipa ada ya chama miaka mingi. Alipunguzwa kazini, akarudi nyumbani akiugua, akafa. Wanachama wetu walikwenda kumzika, wakabeba jeneza, wakasoma rambirambi nzuri, na katika rambirambi ile wakasema alikuwa na malaria. Kisha wakapanda gari wakarudi. Mtoto aliachwa na bibi yake na kopo la dawa ya kifua. Kijana ametupa ruhusa tuisimulie habari hii bila jina wala kijiji, nasi tunawaomba msimtafute.

Yule mmoja wetu aliyepiga makofi siku ile ndiye aliyelia njiani.

Sasa mambo ya fedha. Mnajua kwamba kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hii katika Kenya ililipwa na Marekani. Hapa magharibi tuliona matunda yake: AMPATH, iliyoanza mwaka 2001 huko Eldoret kwa umoja wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa, na Chuo Kikuu cha Indiana, ilieneza kliniki hadi Webuye, Kitale na kwingineko, na maelfu ya watu wako hai kwa ajili hiyo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Vidonge havikwisha Kenya nzima kwa siku moja, tusiogopeshane. Kilichokatika kwanza ni miguu: wale watu waliolipwa kwenda nyumba kwa nyumba kumtafuta aliyeacha dawa. Wengi wao waliambiwa wakae nyumbani. Kwa hiyo kazi ya kuketi nje ya mlango wa mtu siku nne imebaki kwa vijana wasiolipwa, na mafuta ya pikipiki yanatoka kwenye miche na kuku. Mwaka huu mvua ilichelewa, na kuku walishikwa na kideri. Tulilifungua lile sanduku pamoja nao. Hatutasema kilichokuwamo, maana ni siri yao, lakini hesabu yake haikuchukua muda.

Yapo na yanayotuhusu sisi wenyewe kazini, tutayapitia upesi. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apewe kazi au aendelee nayo, inakataza kumfukuza kwa sababu ya hali yake, na inakataza kutangaza majibu yake. Ikaundwa mahakama yake maalumu ya kusikiliza mashtaka hayo. Walimu walioambukizwa walijiunga wakaunda umoja wao, KENEPOTE, wakasimama hadharani. Sisi wa reli je? Tunalo tawi lenye watu wazima wenye akili, na hakuna hata mmoja ambaye amewahi kusema humu ndani, "Mimi ninameza dawa." Hesabu haiwezi kuwa kweli. Kwa upande wetu, sisi wanne tulipima kabla ya kuja kusimama hapa, maana haikutupendeza kuwahubiria watu kupima bila kupima. Majibu ni yetu wenyewe. Tunasema tu kwamba tulikwenda, kwamba muuguzi hakutucheka, na kwamba ilichukua muda mfupi kuliko kungoja gari la mizigo lipite.

Haya ndiyo tunayoyaomba, Bwana Mwenyekiti. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, kwa miezi sita, kisha tutazame tena. Tukiwa mia moja tu tutapata shilingi 5,000 kila mwezi. Fedha hizo zisilipe fulana wala soda wala posho ya kikao. Zilipe nauli na mafuta ya kwenda kliniki kwa wanaohitaji, mifuko ya miche, na chanjo ya kuku. Zipelekwe na watu wawili wa tawi hili, wabadilishwe kila mwezi ili wengi wapaone, na hesabu isomwe hapa mbele ya wote. Wasipotuonesha daftari, tuache kulipa. Wao wenyewe ndio waliotaka iandikwe hivyo.

Tunaomba pia ruhusa ya kuleta vijana wawili wa kikundi kile katika mkutano ujao, watufundishe zile habari za saa 72 na nyingine, wakiwapo wake zetu na watoto wetu waliokomaa.

Tumeambiwa kwamba wapo wanaotaka kusema dhidi ya ombi hili. Waseme, tutasikiliza. Ndugu aliyeuliza swali siku ile yupo, tunamwona kwenye benchi la nyuma, na tungependa yeye awe wa kwanza. Jumamosi tunarudi Endebess kwa matatu ya asubuhi, nao wanajua kwamba mkutano wetu ni leo. Bwana Mwenyekiti, tunaomba kura ipigwe kabla watu hawajatawanyika kwenda zamu ya usiku.